Milimita Nne

Baba alilitoa lile neno Jumatatu asubuhi, akipuliza chai. Jumamosi saa nne seremala atakuja kuichukua ile meza ya chumba cha nyuma akaifanye rafu, na kazi ya kuwafunga askari ni yangu, maana macho yake siku hizi hayamtii. Alisema kwa sauti ya mtu anayeagiza sukari. Mama akaacha kukoroga kikombe chake.

Nikauliza, "Askari wote?"

"Wote," alisema Baba. "Na vilima."

Niseme mapema kwamba mimi ni mdadisi. Mama hutumia neno baya zaidi. Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, na mtu anayeshinda akitazama chapa za vinywa vya watu asiowajua, akikisia nani anasaga meno usingizini na nani anatafunia upande mmoja tu, hawezi kuambiwa "wote" akaitikia na kunyamaza. Ile meza ilikuwa na miaka thelathini na moja. Mimi nina thelathini na minane. Tumekua pamoja, ingawa meza ndiyo iliyopata kubembelezwa.

Usiiwazie meza ya kulia chakula. Ni milango miwili ya zamani iliyounganishwa na kuwekewa miguu, na juu yake pana nchi nzima. Kuna mto wa gundi na rangi ya buluu, umepakwa vanishi tabaka kwa tabaka mpaka ukadhani ukiugusa utalowa. Kuna msitu wa sponji la kuoshea vyombo, limekatwakatwa na kutiwa kijani, na chini ya miti yametandazwa majani ya chai yaliyokwisha kunywewa na kukaushwa juani. Kuna nyumba saba za viberiti, na mikokoteni ambayo magurudumu yake yalitoka ndani ya saa zilizokufa. Na kuna majeshi mawili, Wekundu na Buluu, kila askari kimo cha pingili mbili za kidole.

Wekundu ni wa Baba, aliyekuwa fundi saa. Buluu ni wa mdogo wake, Baba Mdogo wangu, aliyekuwa mpishi wa shule ya bweni na ana mikono ya kukorogea sufuria za watu mia tatu. Ungetegemea Baba ndiye apake rangi vizuri zaidi, lakini wapi! Askari wa Baba wana vifungo vilivyohesabiwa na macho ya mtu aliyekanyaga msumari. Askari wa Baba Mdogo nguo zao ni za ovyo, ila macho yao yanakufuata mpaka mlangoni. Aliyatia kwa ncha ya kijiti cha meno huku amebana pumzi, na akimaliza jicho moja alitoka nje kupumua. Baba alijaribu siku moja kumwiga. Alifanikiwa jicho la kulia la mpiga mishale mmoja, akaharibu la kushoto, akalifuta na kukataa katakata kurudia. Yule mpiga mishale tukamwita Chongo.

Kila Jumamosi, tangu nikiwa na miaka saba, walipigana. Vita ilikuwa moja tu, haijawahi kwisha. Walikuwa na kipimo chao, kijiti cha sentimita thelathini ambacho Baba alikikata kutoka kwenye fimbo ya pazia na kukipiga msasa. Mtu akiwa ndani ya kijiti, mshale umemfikia. Akiwa nje, haujamfikia. Neno "karibu" lilipigwa marufuku chumbani humo. Mama akiita chakula, na Mama haiti mara mbili, waliacha vita ilipofikia, wakazungushia kila kitu mstari wa penseli palepale kilipo, wakaandika daftarini, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa chochote mpaka Jumamosi nyingine. Mimi kazi yangu ilikuwa kuleta chai. "Usiguse" ndilo neno la kwanza nililofundishwa mle ndani.

Kisha, miezi minane kabla ya hiyo Jumatatu, yakatokea ya kutokea.

Wiki ile mimi nilikuwa nimejitutumua. Nilikuwa na miaka thelathini na saba, nimechoka kuwa mtu wa sinia, nikajenga kilima. Nilikijengea kazini kwangu saa za mapumziko. Chini niliweka kadibodi ya katoni, juu nikabandika lile povu jeupe linalokuja na friji, nikalichonga kwa kisu changu cha kukatia nta ya meno, nikalipaka gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, nikanyunyiza mchanga uliochekechwa, nikapaka gundi tena, kisha rangi ya udongo na kijani kidogo pembeni. Nilikipeleka Ijumaa. Baba alikitazama juu ya miwani akasema, "Si kibaya," na anayemjua Baba anajua hapo nimepigiwa vigelegele. Baba Mdogo alikichukua mikononi, akakigeuza, akatazama chini yake, akanitazama mimi, akakiweka taratibu. "Kilima kizuri, mwanangu," alisema. Nilitembea siku nzima nikiwa na meno nje.

Kesho yake kilima changu kiliingia vitani. Kufika wakati wa chakula, Chongo alikuwa amesimama juu ya kilima, na mbele yake chini kule, kwenye ukingo wa kijiti hasa, alikuwapo mpiga ngoma wa Baba Mdogo. Huyo mpiga ngoma si mtu wa mchezo. Ngoma ikilia, Buluu hawakimbii, ikinyamaza, wanatawanyika. Wakapima, kijiti kikamgusa. Baba akaandika daftarini: Chongo anamfikia mpiga ngoma, atapiga Jumamosi. Wiki nzima Baba aliimba bafuni.

Jumatano Baba Mdogo akaja na kichupa cha gundi, akasema kuna mkuki umekatika, akakaa chumbani peke yake kama nusu saa. Jumamosi ikafika. Baba akaweka kijiti, na kijiti hakikufika. Zilibaki milimita nne. Alipima mara tatu. Akainama, akaona mstari wa penseli ukichungulia mbele ya kilima, kule chini upande wa kiti chake.

"Kilima kimesogezwa nyuma," alisema.

"Sijakigusa, kaka."

"Jumatano ulikuwa humu peke yako."

Baba Mdogo akakitazama kilima. Akanitazama mimi, niliyekuwa nimesimama mlangoni na sinia. Akafungua mdomo, akaufunga. Kisha akavaa kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo hakutia mguu nyumbani kwetu. Baba naye hakwenda kwake, ingawa kati yao pana mitaa miwili tu. Mlango wa chumba cha nyuma ukafungwa. Mama alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, akaishia kusema kwamba ameolewa na mtoto. Mimi, na hili linaniuma kulisema, niliamini Baba Mdogo alikisogeza. Kama hakufanya, mbona alinyamaza?

Basi Jumanne mchana nikaingia na pamba na visanduku vya kuwekea meno, maana ndivyo nilivyokuwa navyo. Vumbi lilikuwa limeanguka juu ya nchi nzima. Niliwafunga Wekundu kwa vikosi, nikafunga mikokoteni, nikafunga nyumba saba. Jumatano nikawafunga Buluu. Mpiga ngoma na Chongo niliwaacha, sikuweza kuwagusa. Walikuwa bado wanatazamana, mmoja kwa jicho moja na mwingine kwa yale macho mazuri ya Baba Mdogo.

Alhamisi sikuwa na ujanja tena. Nikamwondoa Chongo, nikakinyanyua kilima, nikakiweka juu ya meza ndogo ya Baba ya kutengenezea saa, ile yenye kioo juu. Nikakigusa kwa kidole tu ili kukipangusa vumbi, kikayumba.

Nikakigusa upande wa pili, kikayumba tena.

Katika kazi yangu kuna jambo moja ambalo hata anayeanza analijua. Meno yakimaliza kutengenezwa unayaweka juu ya chapa ya plasta na kuyabonyeza huku na huku. Yakitulia, unampelekea mwenyewe. Yakiyumba, yamejikunja wakati wa kukauka, na ukiyapeleka hivyo fizi za mtu zitakutukana. Nilichuchumaa mpaka macho yangu yakawa sawa na kioo. Kilima changu kilikuwa kimenyanyua kingo zake zote kama sahani.

Nilirudi kwenye meza kubwa nikakirudisha ndani ya mstari wake. Kitu kilichosukumwa, ukikirudisha, kinaujaza mstari wake sawasawa. Hiki hakikuujaza. Nilikisogeza mbele, mstari ukaonekana nyuma. Nilikipeleka kulia, ukaonekana kushoto. Nikakiweka katikati kabisa na kuzunguka meza yote, na kila upande penseli ilikuwa inachungulia, hata nyuma, upande wa Baba Mdogo, ambako Baba hakai wala hapiti. Kutoka kwenye kiti cha Baba unaona mbele tu, na mbele peke yake kweli ungeapa kwamba kimesukumwa. Miezi minane, na hakuna aliyezunguka meza!

Nikakipindua. Chini palikuwa na kadibodi tupu, bado ina mchoro wa bilauri na maandishi SHIKA KWA UANGALIFU. Nikapindua vilima vingine, vile vya zamani, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa vimepakwa gundi na rangi nyeusi chini, mahali ambapo hakuna mtu angeona maisha yake yote.

Sikutaka kuelewa haraka. Ijumaa asubuhi, kazini, nikakata vipande viwili vya kadibodi. Kimoja nikakipaka gundi ya maji upande mmoja, kingine pande zote mbili, nikaviweka dirishani karibu na meno ya mwalimu mmoja mstaafu. Nilivitembelea kila baada ya dakika kumi kama mtu anayechungulia wali. Kufika saa saba cha kwanza kilikuwa kimejikunja kama ukucha, cha pili kimelala. Gundi ikikauka hujivuta. Ukiipa upande mmoja tu, hakuna wa kuvutana nayo. Wale wazee walijua hilo tangu kabla sijaota meno ya utu uzima, na hawakuniambia kwa sababu hakuna anayemwambia mtu mzima avae viatu miguu yote miwili.

Nilikaa juu ya ndoo ya plasta nikaona aibu inapanda mpaka masikioni. Niliyekuwa nikimtafuta ni mimi mwenyewe.

Mchana huohuo nikaenda kwa Baba Mdogo. Alikuwa uani anasugua sufuria. Nikamwamkia, akaitikia, nami badala ya kukaa nikaweka vile vipande viwili juu ya jiwe mbele yake. Akavitazama. Wala hakushtuka.

"Umechukua muda," alisema.

"Ulijua?"

"Nilijua siku ulipokileta. Nilikigeuza nikaona kadibodi tupu, nikasema moyoni, hiki kitajikunja tu."

"Kwa hiyo ile Jumatano..."

"Mkuki gani uliokatika? Nilikuja na gundi nikipake chini, kimyakimya, pasiwe na maneno. Lakini Chongo alikuwa amesimama juu yake, na mistari imeshachorwa. Ningekinyanyuaje bila kugusa? Nikakaa nusu saa nakitazama, nikaondoka." Akatema mate pembeni. "Nilipomwambia kaka sijakigusa, sikukigusa."

"Baba Mdogo, mbona hukusema tu?"

Aliendelea kusugua ile sufuria, na ilishang'aa zamani. "Ulikuwa umesimama mlangoni na sinia. Miaka thelathini unabeba sinia, mwanangu. Ndiyo kwanza umeleta kitu chako mezani, halafu nimwambie baba yako kwamba kimeharibu vita? Unamjua. Usingeshika brashi mle ndani tena."

"Lakini miezi minane!"

"Wiki ya kwanza nilinyamaza kwa ajili yako," alisema. "Zilizobaki nilinyamaza kwa ajili yangu. Tumelala kitanda kimoja mpaka nina miaka kumi na mbili, leo ananiona mwizi wa milimita nne? Nikanuna. Nina haki ya kununa."

Nililia kidogo, naye akanipa kitambaa cha kufutia vyombo, chenye sabuni, nikalia zaidi. Nilipoinuka kuondoka akauliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Mpiga ngoma alitolewa?"

"Hapana. Baba hakumgusa. Bado amesimama palepale."

Baba Mdogo akageuza uso akajifanya anatafuta mfuniko.

Jumamosi asubuhi, kabla ya saa nne, nikamwita Baba chumbani. Nilikuwa nimekirudisha kilima ndani ya mstari wake na Chongo juu yake. Nikasimama nyuma ya meza. "Baba, njoo usimame huku."

"Huko si upande wangu."

"Njoo tu."

Akaja, akiburuza miguu. Nikampa kile kioo chake kidogo cha fundi saa, cha kukuzia vitu, akakibana jichoni na kuinama. Alikaa ameinama muda mrefu mpaka nikahofia mgongo wake. Kisha akazunguka, kushoto, mbele, kulia, akarudi tena nyuma. Hakuna aliyehitaji kumweleza. Amefanya kazi maisha yake yote na vitu vinavyokwenda kombo kwa unene wa unywele.

"Chini hukupaka," alisema.

"Hamkuniambia."

"Hatukukwambia," alikubali. Akavuta kiti cha mdogo wake akakikalia. Sikuwahi kumwona amekaa pale. "Naye alijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Alinyamaza ili usinikaripie."

Baba akakitoa kile kioo jichoni. Hodi ikapigwa mlango wa mbele, tukamsikia Mama akimkaribisha seremala. Baba akatoka mpaka sebuleni na mimi nyuma yake.

"Umekuja bure, fundi," alimwambia. "Nisamehe. Meza bado ina watu."

Kisha akarudi chumbani, akamweka Chongo pembeni, akakikumbatia kilima kwa mikono miwili, akatoka nacho barabarani mchana kweupe, hana kofia, amevaa ndara za bafuni. Mitaa miwili. Watu walitupisha. Mwanamke mmoja aliniuliza kwa macho kama mzee yuko salama, nami nikamjibu kwa kichwa kwamba yuko.

Baba Mdogo alifungua mlango akamwona kaka yake, akakiona na kilima.

"Nilikuita mwizi," alisema Baba.

"Uliniita."

"Nisamehe."

Baba Mdogo akaufungua mlango wote. "Ingiza hicho kitu ndani," alisema. "Miezi minane, sijui kama kitanyooka."

"Kitanyooka. Tukipake chini, tukigandamize."

"Nina sufuria."

"Najua una sufuria."

Tukakipindua juu ya meza ya jikoni. Baba Mdogo akaleta gundi, akaipunguza maji kidogo, akachukua brashi pana. Baba akanyoosha mkono kuipokea. Baba Mdogo akampita, akanipa mimi. "Mwenye kilima apake," alisema. Baba alitazama brashi, akanitazama, akautia mkono wake mfukoni. "Anzia katikati," aliniambia. "Usiinyime kingo."

Nikaanza juu ya lile neno SHIKA. Nyuma yangu wakawa wamekwisha kuanza.

"Yule mpiga ngoma aendelee kusimama," alisema Baba. "Mshale haukufika."

"Atoke. Imeandikwa daftarini kwamba anafikiwa."

"Siku ya kupiga, kijiti hakikumgusa."

"Kwa sababu ya kilima! Jumamosi ijayo utapiga, nami nitamtoa kwa mkono wangu mwenyewe."

"Simpigi."

"Utampiga, kaka!"

Walipandisha sauti mpaka jirani akazima redio asikilize. Mimi nilikuwa nimefika kwenye mchoro wa bilauri na sikuinua kichwa. Nilisikia kabati likifunguliwa, vikombe vikigongana, maji yakimiminwa, na wale wawili bado wanabishana kupitia ukuta. Kisha kitu kikawekwa taratibu karibu na kiwiko changu, mbali na gundi. Kilikuwa sinia, na aliyekuwa amekishika ni Baba Mdogo.

"Kunywa chai, fundi," alisema. "Itapoa."